Mpishi wa Matairi Makubwa

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilipewa ufagio na gunia. Msimamizi wa Zamu, Mpogoro mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alinionyesha lundo la unga mweusi chini ya mashine ya kukwangulia matairi akasema, "Kijana, hilo ndilo shamba lako. Ukishalivuna lote, geuka nyuma, utalikuta limeota tena." Wenzangu wakacheka. Nilikuwa nimeshuka kutoka Matombo na cheti cha shule ya misheni mfukoni, na shati jeupe nililolinyoosha kwa pasi ya mkaa. Ilipofika saa ya chakula lile shati lilikuwa na rangi ya sufuria ya kijijini, na puani mwangu ilikuwa imeingia harufu ambayo hadi leo, nikiwa mstaafu hapa Mafiga, ikinipitia tu kwa upepo nasimama katikati ya njia.

Ni harufu ya mpira unaopikwa. Ninyi vijana mliozoea kuona tairi kipara likitupwa nyuma ya gereji, au likichomwa moto ili watu wapate waya zake, huenda hamkuwahi kuinusa, kwa hiyo niwaeleze kazi yenyewe.

Kiwanda chetu, kilichokuwa upande wa reli hapa Morogoro mjini, kilivalisha matairi. Kuvalisha ni kulipa tairi kuukuu ngozi mpya. Tairi la lori au la mtambo likiwa kipara, kilichokwisha ni kashata peke yake, yaani yale meno yanayouma ardhi. Mwili wake wa ndani, wenye nyuzi na waya, mara nyingi bado una nguvu za kubeba mzigo tena na tena. Tulilikagua kwanza ndani na nje, kwa taa na kwa vidole. Lenye mwili mbovu lilikwenda kwa wakataji, wakatoa humo bushi za magari, ndoo za kuchotea maji, mipira ya kufungia mizigo, na katambuga, viatu vya tairi ambavyo wakulima wengi wa Uluguru walipandia milima yao. Lenye mwili mzima lilikwanguliwa, likapakwa gundi, likavishwa mpira mbichi, kisha likapikwa kwa mvuke. Mpira mbichi ni kama donge la unga wa chapati, ukiuvuta unavutika na haurudi. Salfa iliyochanganywa ndani yake ndiyo inayoufunga ukipata joto. Ukishaiva, ukiuvuta unarudi mahali pake kama mtu aliyekasirika. Ndiyo maana aliyesimamia hatua hiyo aliitwa Mpishi, na hicho ndicho cheo nilichokitamani tangu juma la kwanza, nikiwa bado nimeshika ufagio.

Lakini mimi sikutamani kupika matairi ya malori. Mwisho wa karakana kulikuwa na tangi la chuma lililolala ubavu, kubwa kama chumba cha darasa, mlango wake wa duara ukikazwa kwa bolti nene kama ngumi. Tuliliita Chungu. Kilinunuliwa kwa ajili ya matairi makubwa, ya magreda, ya vijiko vinavyozoa mawe, ya mitambo ya migodini. Hapakuwa na mtu aliyekimudu. Mara chache kilipowashwa kilitoa matairi ambayo ngozi yake ilibanduka kazini kama ganda la ndizi mbivu. Nilimwuliza Msimamizi wa Zamu sababu.

"Chungu hicho kina kiburi," akasema.

"Chuma hakina kiburi, Mzee."

"Basi kipike wewe, Profesa."

Jina la Profesa likanikaa. Walinipa kwa kejeli, mimi nikalipokea kama ahadi.

Sikusomeshwa na mtu. Nasema hivi bila haya kwa sababu siku hizi kila aliyefika mahali ana orodha ya kuwashukuru. Nilifanya zamu mbili, siku za Jumapili baada ya misa nikakata katambuga uani kwangu, na msimu wa pilipili manga nikapanda Matombo kusaidia kuchuma. Hatimaye nilikwenda India, upande wa kusini, ambako mpira hugemwa mashambani na watu huusomea kama hapa Mzumbe wanavyosomea sheria. Nilitoka na stashahada ya teknolojia ya mpira, na nilitoka nayo nikiwa wa kwanza darasani. Kutoka huko nikaajiriwa kwenye yadi ya matairi ya mgodi mmoja kusini mwa Afrika, ambako tairi moja linampita urefu mtu aliyesimama mabegani mwa mwenzake. Niliwasimamia hata Wazungu, na sikuwahi kuwapigia kelele, kwa sababu hawakuthubutu kunipa sababu.

Kwa nini nilirudi? Watu wa rika langu wananiuliza mpaka leo. Kule hakuna mlima. Unaamka, unafungua dirisha, macho hayana pa kuegemea. Halafu kulikuwa na Chungu. Kila tairi kubwa nililolipika kule, moyoni nilikuwa nalipika Morogoro.

Niliporudi, mjomba wangu aliwaita watu wa ukoo. Kwetu Waluguru mtu ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo sherehe ilikuwa yake kuliko yangu. Wageni walipokwisha kula akanisimamisha katikati ya ua.

"Haya mpwa wangu, waeleze wazee. Umerudi na kazi gani?"

"Nimerudi kuwa Mpishi, Mjomba. Mpishi wa Chungu Kikubwa."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu na jiko akauliza, "Wa wali au wa makande?"

"Wa matairi, Bibi."

"Yesu na Maria! Mtu amevuka bahari akajifunze kupika kitu kisicholiwa!"

Walicheka hadi watu wa ua wa pili wakaja kuchungulia. Mjomba hakucheka. Alinivuta kando akaninong'oneza, "Mbele za watu sema injinia. Hayo ya chungu tutayajua wenyewe."

Nikaingia kazini kama Mkuu wa Idara ya Matairi Makubwa. Idara yenyewe ilikuwa Chungu, boila, na mafundi wachache waliokwisha kukata tamaa. Meneja Mkuu alikuwa mama wa Kichaga aliyeletwa kutoka makao makuu, mtu wa maneno machache na macho makali. Siku ileile niliyoripoti aliniita ofisini, hata kiti hakunipa.

"Bwana Stashahada," akasema, "Chungu chako kinakula mafuta na kinanitapikia aibu. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja kukizunguka. Nakupa tairi moja."

"Moja tu, Mama?"

"Wenzako niliwapa mengi wakaniletea maganda. Hili likimaliza masika salama, idara inabaki. Likibanduka, Chungu kinakatwa, watu wako wataenda kuuza nyanya sokoni, na wewe utarudi kwa Wazungu wako."

"Hawatauza nyanya, Mama."

"Tutaona mvua ikinyesha."

Tairi lenyewe lilikuwa la kijiko cha mkandarasi aliyekuwa akitengeneza barabara ya kwetu, ya kwenda Matombo. Wanaoijua wanajua: mvua ikizidi, udongo wa juu hushuka njiani pamoja na mawe yake, na bila kijiko cha kuyazoa watu hubaki na ndizi na machungwa yao yakiozea mlimani. Tairi jipya la ukubwa ule lilipaswa kuagizwa ng'ambo, na lingefika masika yamekwisha. Mkandarasi alikuwa hana la kufanya ila kutuamini.

Nililikagua kwa mikono yangu. Niliingia ndani yake nikiwa nimechuchumaa, nikapapasa kila sehemu. Mwili ulikuwa mzima. Tulilikwangua, tukalipaka gundi, tukalizungushia utepe wa mpira mbichi safu juu ya safu, tukachonga kashata kwa kisu cha moto mpira ukiwa bado laini. Kisha tukaliingiza Chunguni alfajiri, tukakaza mlango, tukafungulia mvuke.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Mafundi wetu walijua tairi limeiva kwa harufu. Mpira mbichi unanuka kama gundi. Ukikaribia kuiva harufu inakuwa kali na kavu, inakukaa kooni, kisha inatulia. Kwa tairi la lori hawakukosea hata mara moja, na niliwaheshimu kwa hilo. Lakini begani mwa tairi la kijiko, pale ngozi ya juu inapokutana na ubavu, mpira ni mnene kama tofali. Joto linatambaa humo polepole. Harufu inayotoka ni ya ngozi ya nje. Nje limeiva, moyoni bado donge, na hilo donge ndilo lililowabandulia yale matairi mengine yote. Kosa lao lilikuwa kuamini pua iliyokuwa sahihi mahali pengine.

Kwa hiyo kabla ya kufunga nilikuwa nimefukia waya wa kipimajoto begani mwa tairi na kuutoa nje, kama nilivyofanya kule mgodini. Kila mtu kiwandani alikuwa na pua, mimi nilikuwa na sindano ya kipimajoto ya kusoma.

Baada ya saa ya chakula harufu ikatulia. Msimamizi wa Zamu, yuleyule, sasa kichwa chote cheupe, akainua mkono. "Limeiva. Funga mvuke."

"Bado, Mzee."

"Pua yangu imepika matairi wewe ukiwa unanyonya."

"Pua yako inasema kweli juu ya ngozi, Mzee. Njoo usome sindano, inasema juu ya moyo. Moyo bado mbichi."

Hakuja. Lori la mkandarasi lilikuwa limeshafika getini, dereva wake anapiga honi. Mafundi wakaanza kunung'unika, na mmoja akaenda kumwita Meneja Mkuu. Nikaona wataniponyoka. Nikachukua spana ya bolti za mlango, ile moja tu iliyozitosha, nikailaza juu ya stuli, nikaikalia.

Meneja Mkuu akaja na miwani yake mkononi. "Kwa nini hakifunguliwi?"

"Hakijaiva, Mama."

"Wote wanasema kimeiva."

"Ndiyo, Mama. Na wote walisema hivyo kwa yale maganda."

Akanitazama, akatazama stuli. "Umeikalia spana yangu?"

"Nimekukalia kiwanda, Mama, kisiondoke."

Meneja Mkuu alinyoosha shingo akaisoma sindano mwenyewe, akakiangalia kibandiko nilichoandika kiwango kinachotakiwa, akaona bado kuna pengo. Akageuka akapaza sauti kuelekea getini: "Mwambieni huyo wa honi akale kwanza! Chakula cha hapa hakijaiva!"

Sindano ikapanda kwa kujivuta hadi ikafika, nikaiacha ikae pale muda uliotakiwa. Halafu nikaacha tairi lipoe hukohuko ndani likiwa bado limebanwa na hewa, kwa sababu ukiliachia likiwa moto linatoa malengelenge kama ngozi ya mtu. Tulipofungua, Msimamizi wa Zamu alikuwa wa kwanza kulifikia. Akakandamiza ukucha wa dole gumba begani mwa tairi, akauachia. Alama ikajifuta. Akarudia mahali pengine. Kisha akaniangalia akasema neno moja, "Mpishi." Nimepewa vyeti vingi maishani, na hakuna hata kimoja kilichonifikia pale neno lile liliponifikia.

Masika yakaanza. Dereva wa kijiko alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani, kwa hiyo kunitukana ilikuwa haki yake. Siku ya kulifunga tairi alilizunguka akilinusa.

"Hili limepikwa na Mluguru?"

"Ndiyo."

"Basi nipeni na chumvi. Hawa ndizi yenyewe wanaila haijaiva."

"Panda, wewe mpagazi," nikamjibu. "Babu zako walizoea kubeba mizigo vichwani, wewe umepewa mtambo unaogopa."

Kila Jumamosi nilipanda kulitazama. Mvua ilikuwa ya kwetu hasa, ile inayoanza na ukungu kufunika kilele na kuisha pale inapotaka. Mawe yalishuka, kijiko kikazoa, mawe yakashuka tena. Mafundi wangu kila Jumatatu walinisubiri getini. Waliniangalia usoni tu, kisha wakaenda kazini.

Katikati ya msimu nikaletewa ujumbe kwa mdomo kutoka kwa Mnyamwezi: "Mwambieni mpishi chakula kimemwagika. Aje haraka." Sitasahau nilivyopanda. Gari lilikwama kwenye matope chini ya kona, nikashuka, nikaenda kwa miguu, viatu mkononi, nikiwaona kichwani mwangu mafundi wangu wakipanga nyanya mafungu mafungu. Nilipofika nikamkuta yule dereva Mnyamwezi ameketi kwenye ngazi ya kijiko, anatafuna mua. Tairi limesimama. Kashata zake bado ndefu, limejaa matope, zima kama lilivyotoka Chunguni. Nikalipapasa pande zote.

"Limemwagika wapi?" nikauliza.

"Halijamwagika. Nilikuwa na hamu ya ndizi za kwenu, nikajua nikikuita kwa wema hutakuja." Akanitazama mikono. "Na bado umekuja mikono mitupu, Mluguru wee!"

Nilimtukana matusi yote ya utani ninayoyajua, na mengine nikayatunga palepale mvuani, huku machozi yananitoka nikisingizia mvua. Mjomba wangu, aliyekuwa miongoni mwa watu waliosimama wakingoja njia isafishwe, akanionyesha kwa kidole akawaambia wenzake, "Yule ni mpwa wangu. Ndiye aliyelipika." Hakusema injinia.

Masika yakaisha na tairi likabaki. Idara ikabaki. Meneja Mkuu aliniita tena ofisini, safari hii kiti kilikuwepo.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoiota. Matairi yalikuja kutoka mashamba ya miwa, machimbo ya kokoto, migodi ya kanda ya ziwa, yakipangwa uani kama vibanda. Nilifundisha watu kusoma sindano, nao wakawafundisha wengine. Alfajiri za baridi tulipofungua mlango, mvuke wetu ulitoka ukapanda, na ukungu wa Uluguru ukashuka, na kwa dakika chache hukuweza kusema upi ni wa Mungu na upi ni wetu. Tulikunywa uji tukiwa tumeegemea boila. Tulibishana mpira, siasa na ndoa za watu. Nilikuwa na watu waliolijua tairi kwa kiganja. Wengi wao nimeshawazika, na yule mtani wangu pia, ambaye msibani kwake nilizuia jeneza kama desturi ya utani inavyotaka, nikadai ndizi zangu.

Kisha yakaja matairi mapya ya bei rahisi kutoka nje, yasiyovalishika hata mara moja kwa sababu mwili wake ni dhaifu tangu kuzaliwa. Wateja wakahesabu wakaondoka. Nilistaafu idara ikiwa bado hai, hilo naliweka wazi, chini ya mkono wangu haikufa. Baada yangu kiwanda kikauzwa, Chungu kikakatwa kwa gesi vipande vipande. Waliniita nikashuhudie. Sikwenda. Pale karakana siku hizi wanahifadhi mahindi.

Hivi karibuni mhandisi mmoja, kijana mpole mwenye shahada, alinifuata hapa Mafiga. "Shikamoo Mzee." "Marahaba." Kampuni yao imeleta mtambo wa kusaga matairi makuukuu kuwa chenga za mpira, zinazotandazwa kwenye viwanja vya michezo na kutengenezewa mazulia ya mpira. Ni kazi njema, bora mara elfu kuliko kuchoma. Walitaka mtu wa kuwachagulia matairi na kuwaonyesha waya zilivyopita ndani. Nilivaa ovaroli yangu, bado inanitosha.

Yadi yao ilikuwa imejaa matairi ya mitambo. Nilikwenda moja baada ya jingine nikiwaelekeza: hili ubavu umepasuka, hili limelala na maji hadi waya zimeshika kutu, hili lilichomwa. Hadi nikafika kwenye moja la kijiko. Nikaingiza mkono, nikapapasa. Nikakunja mikono ya ovaroli, nikaingia ndani nikichuchumaa kama zamani, magoti yakilia. Nilipotoka niliwaambia vibarua wasilifunge mnyororo wa kuliinulia mtamboni.

"Hili halikatwi."

"Lina tatizo, Mzee?" mhandisi akauliza.

"Halina. Ndiyo sababu halikatwi. Hili ni la kuvalishwa. Lina maisha mengine mazima ndani yake."

Kijana alizima redio yake ya mkononi. Hakunidharau, nakiri. "Mzee, nionyeshe pa kulipeleka, nalipakia leo hii hii."

Nikaupitia mji wote moyoni, nikashuka hadi Dar es Salaam, nikapanda hadi kanda ya ziwa; sikukuta kiwanda cha kulivalisha. Mtambo ulikuwa unanguruma, vibarua wamesimama na mnyororo, wananingoja. Likibaki pale litajaa maji na mbu, na siku moja mtu atalimwagia petroli apate waya zake.

"Anzieni begani," nikawaambia. "Ndiko kwenye mpira mzuri."

Wakalifunga mnyororo, likainuliwa. Mhandisi akaniletea kiti, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Nikamshukuru, nikakataa. Tairi kama lile unalisindikiza ukiwa umesimama.